Barua ya wazi kwa wanaopima vitamini D bila kupima uzito

Kwa waheshimiwa madaktari, wataalamu wa maabara, wauguzi na wafamasia wa Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika Mashariki,

 

Nawaandikia hadharani kwa sababu ninalolalamikia nalo linafanyika hadharani, kwenye mabango ya barabarani na kwenye simu zetu. Mtu mnene akija kwenu analalamika uchovu au maumivu ya viungo, siku hizi hutoka na karatasi inayosema vitamini D yake iko chini, na mkononi ana mfuko wa dawa. Mara nyingi hutoka pia na maelezo kwamba upungufu huo ndio uliomnenepesha, na akiuziba atapungua. Maelezo hayo si ya kweli, na watu wanayalipia.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari, si daktari, wala siwafundishi kutibu. Wanafunzi wangu wananiletea maswali ambayo mama zao wametoka nayo kwenu, na majibu ninayoyakuta kwenye tafiti hayafanani na mnayowaambia. Nimevumilia vya kutosha.

1. Mmegeuza matokeo kuwa chanzo

Sehemu kubwa ya vitamini D hutengenezwa kwenye ngozi inapopigwa na jua. Ini huibadili kuwa ile mnayoipima kwenye damu, na figo humalizia kazi. Ni vitamini inayoyeyuka kwenye mafuta, na hapo ndipo unene unapoingia. Mwaka 2000 watafiti wa Boston, Marekani, waliwaanika watu wanene na wasio wanene kwenye mionzi ya aina moja, kwa kiasi kile kile. Saa 24 baadaye, ongezeko la vitamini D kwenye damu ya wanene lilikuwa pungufu kwa asilimia 57. Ngozi zao hazikuwa na kasoro. Malighafi ya kutengenezea vitamini ilikuwa sawa kwa makundi yote mawili. Wapo wanaosema mafuta ya mwili huikamata vitamini hiyo na kuizuia isitoke. Wengine husema inasambaa tu katika mwili mkubwa zaidi, kama kijiko kimoja cha chumvi kinavyokolea kwenye kisufuria cha nyumbani na kupotea kwenye sufuria la shughuli. Mimi naona maelezo ya pili yana nguvu zaidi. Yote mawili, hata hivyo, yanakubaliana kwamba mwili huongezeka kwanza, kisha kipimo hushuka.

Msiniambie hilo ni jaribio dogo. Katika wiki moja ya Machi 1958 walizaliwa England, Scotland na Wales watoto wapatao 17,000 ambao watafiti hawakuwaacha tena. Walipimwa uzito siku ya kuzaliwa, wakapimwa shuleni, wakapimwa ukubwani, na walipofika miaka 45 maelfu kati yao wakatolewa damu. Wanene walikuwa na uwezekano maradufu wa kukutwa na vitamini D ya chini kuliko wenzao. Bado mtu angeweza kuuliza kama si upungufu huo uliowanenepesha. Elina Hyppönen na wenzake walilijibu swali hilo mwaka 2013 kwa kutumia jeni. Jeni mtu huzipata mimba inapotungwa, kabla hajaonja chapati wala kuota jua, kwa hiyo haziwezi kuwa matokeo ya unene wake. Walichambua taarifa za watu wapatao 42,000 kutoka tafiti 21. Waliorithi mwelekeo wa kunenepa walikuwa na vitamini D ndogo zaidi, lakini waliorithi mwelekeo wa kuwa na vitamini D ndogo hawakuonekana kunenepa kuliko wengine. Uwiano wa uzito na urefu ukipanda kwa asilimia 10, vitamini D hushuka kwa takriban asilimia 4.

Asilimia 4 si nyingi, na hapo kuna onyo la upande wa pili. Mtu ambaye kipimo chake kiko chini mno hamwezi kumwambia "ni unene tu" mkamrudisha nyumbani. Ana sababu nyingine, na kazi yenu ni kuitafuta.

2. Mnauza vitamini D kama dawa ya kupunguza mwili

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Huko Seattle, Marekani, wanawake 218 waliokwisha koma hedhi, wenye uzito uliozidi na vitamini D ya chini, waliwekwa kwenye mpango wa chakula na mazoezi kwa miezi 12. Nusu yao walipewa yuniti 2,000 za vitamini D kila siku, na nusu tembe zisizo na dawa ndani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014: waliomeza vitamini walipungua kilo 7.1, na waliomeza tembe tupu walipungua kilo 7.4. Chakula na mazoezi vilifanya kazi yake, vitamini haikuongeza kitu. Kinyume chake ndicho kilichoonekana katika utafiti mwingine wa mji huo huo, wa mwaka 2011. Wanawake waliopunguza asilimia 15 au zaidi ya uzito wao waliona vitamini D yao ikipanda, na ongezeko lao lilikaribia mara tatu ya lile la waliopungua asilimia 5 hadi 10.

Kwa hiyo mama anayepungua kwa kutembea na kupunguza sukari kwenye chai anaipandisha vitamini D yake mwenyewe. Anayemeza vidonge ili apungue, hapungui.

Mama yangu mdogo alikuwa akitembea jioni na majirani zake. Kwenye kliniki moja, ambayo sitaitaja, alisomewa majibu ya damu akaambiwa kwamba vidonge vitamshusha mwili. Akaacha kutembea. Alinieleza kwamba hakuona sababu ya kujichosha ilhali dawa ipo. Hela ya vidonge ilitoka kwenye mtaji wa genge lake la mboga. Mwili haukupungua, presha ikapanda, na genge likabaki na mafungu machache ya mchicha. Aliyemwuzia vidonge hakuwahi kumpandisha kwenye mizani, si siku ya kwanza wala aliporudi kununua chupa nyingine. Nani atamrudishia ile miezi aliyoacha kutembea?

3. Mnalaumu vazi na rangi, mizani imewekwa pembeni

Wanawake wa Tanga, Mombasa na Unguja wameniambia kwamba jambo la kwanza wanaloambiwa ni kuwa buibui ndilo linalowamaliza. Ni kweli kwamba nguo inayofunika huzuia mionzi, na ni kweli kwamba ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani. Lakini Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa Ikweta, na mionzi inayotengeneza vitamini D tunayo mwaka mzima. Ua wa nyumba, asubuhi, mikono na miguu ikiwa wazi: hakuna dini wala mila inayokataza hilo, na sijasikia mgonjwa aliyeshauriwa hivyo kabla ya kuuziwa chupa.

Kuhusu rangi, tunao ushahidi wa nyumbani. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, wakiongozwa na Martine Luxwolda, waliwapima Wamasai 35 na Wahadzabe 25 hapa Tanzania na kutangaza matokeo mwaka 2012. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya maradufu ya 50 ambayo wataalamu wengi huichukulia kuwa inatosha. Ni watu weusi, wanaokwepa jua kali la mchana wakipata kivuli, na miili yao ni myembamba. Wanaishi nje, kwa hiyo sidai kwamba wembamba peke yake ndio uliowapa kipimo hicho. Ila anayesema tatizo letu ni weusi wetu awaeleze wao kwanza.

Mwaka 2020 Reagan Mogire, mtafiti wa Kenya, na wenzake walikusanya tafiti 129 kutoka nchi 23 za Afrika. Takriban mtu mmoja kati ya watatu alikuwa chini ya nanomoli 50, na wakazi wa mijini walikuwa na viwango vya chini kuliko wa vijijini. Mjini ndiko tunakokaa ndani na ndiko tunakonenepa, kwa wakati mmoja. Kati ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49, wenye uzito uliozidi au unene walikuwa asilimia 22 mwaka 2010. Katika utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 wakafika 28. Kenya walikuwa 25 katika utafiti wa 2008 na 2009, wakawa 33 mwaka 2014. Mnaiona namba ya vitamini ikishuka, na hii inayopanda hamwitazami.

4. Mnatibu karatasi badala ya mtu

Mtu mnene mwenye kipimo cha chini si lazima awe na mifupa dhaifu. Mara nyingi uzito wa mifupa yake ni mkubwa kuliko wa mwembamba, kwa sababu mifupa inayobeba mzigo hujijenga. Kikongwe aliyekonda anaweza kuwa na vitamini D nzuri na bado akavunjika nyonga kwa kujikwaa kizingitini. Namba moja, bila mwili uliotoa damu hiyo, haiwezi kubeba hukumu.

Najua mnakotoa desturi ya kumpima kila mnene. Mwaka 2011 chama cha Marekani cha wataalamu wa homoni, Endocrine Society, kilishauri wanene wapimwe na wapewe dozi mara mbili au tatu ya wengine. Mwaka 2024 chama hicho hicho kilibadilisha ushauri wake: hakipendekezi tena watu wazima wasio na dalili wapimwe vitamini D eti kwa sababu ni wanene, wala eti kwa sababu ngozi yao ni nyeusi. Ushauri wa kuuza vipimo ulifika kwetu haraka. Ule wa kuacha kuuza bado uko njiani.

Kati ya ushauri wa kwanza na wa pili kuna jaribio kubwa la Marekani, VITAL, lililotangazwa mwaka 2018. Watu 25,871, wengi wao wasio na upungufu, walifuatiliwa kwa takriban miaka mitano. Nusu walipewa yuniti 2,000 za vitamini D kila siku. Waliopata saratani au mshtuko wa moyo hawakupungua. Uchambuzi uliofuata mwaka 2023 ulionyesha kwamba kidonge kile kile kilipandisha vitamini D ya wanene kwa kiasi kidogo kuliko ya wembamba. Wapo kati yenu wanaolichukua hilo kama ruhusa ya kupiga sindano kubwa, yuniti laki kadhaa kwa mkupuo. Tafadhalini. Huko Australia wanawake 2,256 wa miaka 70 na kuendelea waligawanywa mafungu mawili, na fungu moja likapewa yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka. Mwaka 2010 ikatangazwa kwamba waliopewa vitamini walianguka na kuvunjika mifupa zaidi ya wasiopewa. Vitamini hii haitoki kwenye mkojo kama vitamini C. Ikizidi mno, kalsiamu hujaa kwenye damu, mtu akawa anatapika, ana kiu isiyoisha, anachanganyikiwa, na figo zake zinaumia.

Na vidonge vinavyoletwa na ndugu zetu kutoka Uingereza viwe na maelezo yake. Kule kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua halitoshi kutengeneza vitamini D, ndiyo maana serikali yao inashauri mikrogramu 10 kwa siku, yaani yuniti 400, na watu wenye asili ya Afrika wanaambiwa wafikirie kumeza mwaka mzima. Ushauri huo ni sahihi kwa mpwa wangu aliyeko London. Haukuandikwa kwa ajili ya muuza matunda wa Kariakoo anayeshinda juani.

5. Mmeacha mizani mtoto anapofika miaka mitano

Kisa cha uzito na vitamini D hakianzi siku mama anapokuja kwenu ana miaka 45. Mtoto huzaliwa na akiba aliyoipata kwa mama yake. Huko Pittsburgh, Marekani, utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wanawake waliokuwa wanene kabla ya mimba walikuwa na vitamini D ndogo zaidi, na damu ya vitovu vya watoto wao ilionyesha hivyo hivyo. Maziwa ya mama nayo huwa na vitamini D kidogo.

Baada ya hapo watoto wetu huendelea vizuri. Mwaka 2021 Mogire na wenzake walitangaza vipimo vya watoto wadogo zaidi ya 4,500 wa Kenya, Uganda, Burkina Faso, Gambia na Afrika Kusini, na waliokuwa chini ya nanomoli 50 walikuwa takriban asilimia 8 tu. Wanacheza nje, wanakimbizana vumbini, wanabebwa juani. Na katika miaka hiyo hiyo mizani ipo: mama anapanga foleni kliniki, mtoto ananing'inizwa, nesi anaweka nukta kwenye kadi, mstari ukishuka anauliza mtoto anakula nini.

Kisha mtoto anafikisha miaka mitano na kadi inaingia kabatini. Hakuna anayemwekea nukta tena. Msichana atapandishwa kwenye mizani siku atakapokuwa mjamzito. Mvulana huenda akapandishwa siku atakapougua. Katikati hapo kuna miaka ambayo mifupa hujengwa, kwani kufikia katikati ya miaka ya ishirini sehemu kubwa ya akiba ya mfupa imeshawekwa. Ni miaka hiyo pia kijana anahama kutoka uwanjani kwenda kwenye kochi, kutoka maji ya kunywa kwenda soda, na jamaa wakimsifu kwamba amenawiri. Nawaona darasani: wanaingia kidato cha kwanza wakiruka kamba, na wengine wanamaliza cha nne wakihema kwa kupanda ngazi. Hakuna mtaalamu wa afya aliyeiona safari hiyo ikitokea.

Uzeeni mambo hugeuka tena. Ngozi ya mtu wa miaka 80 hutengeneza chini ya nusu ya ile ya kijana, na mafuta huchukua nafasi ya misuli hata mizani ikisoma kilo zile zile. Kwa mzee, futi ya fundi cherehani ikipitishwa kiunoni inaeleza jambo ambalo mizani haielezi.

Hatua zote hizo mmeziacha zipite, mkamngoja mtu mwisho wa safari na sindano mkononi.

6. Ninachowaomba

Maabara: fomu ya kipimo cha vitamini D iwe na nafasi ya uzito, urefu na mzunguko wa kiuno, na kisipokelewe kipimo ambacho nafasi hizo ziko wazi. Majibu yatolewe pamoja na namba hizo.

Madaktari: pimeni wanaohitaji kupimwa. Mtoto mwenye matege, mtu anayeumwa mifupa au aliyevunjika kwa ajali ndogo, mgonjwa wa figo au ini, anayetumia dawa za kifafa za muda mrefu. Hao nao wapimwe bila kuwekewa bei ya kuwakimbiza. Asiye na dalili mwacheni na hela yake. Sindano ya dozi kubwa isipigwe kabla ya kuangalia kalsiamu na figo, na mgonjwa aandikiwe kwenye karatasi amepewa kiasi gani, ili akienda hospitali nyingine asirudiwe. Na mnapomwambia mtu habari ya uzito wake, mwambieni faragha na kwa heshima. Wengi huikimbia mizani kwa sababu waliwahi kusomewa kilo zao mbele ya foleni.

Wafamasia: ondoeni kwenye rafu na kwenye kurasa zenu tangazo lolote linalosema vitamini D hupunguza mwili au huyeyusha kitambi. Anayeuliza vyakula, mtajieni vibua, jodari, maini na kiini cha yai, maana mafuta yetu ya kula huongezwa vitamini A, na watu wengi hudhani vitamini zote zimo.

Wauguzi wa kliniki za watoto, nyinyi ndio ninaowategemea zaidi. Muungane nasi walimu. Shule nyingi ziko karibu na zahanati. Mkija na mizani na futi mara moja kwa mwaka, sisi tutawapanga watoto, tutaandika, na tutaitunza kadi mpaka mtoto amalize shule. Wembamba mno waonekane mapema, na wanaonenepa mno waonekane mapema vile vile, wakati mchezo wa jioni na chakula cha nyumbani bado vinatosha kuwasaidia. Shuleni kwangu nafasi ya kufanyia kazi hiyo ipo, na mkuu wa shule ameshakubali.

Majibu yenu nitayapokea hadharani kama nilivyowaandikia. Mwenye utafiti unaoonyesha kwamba vidonge vya vitamini D peke yake vimewapunguza watu wanene uzito aulete. Nitausoma darasani, mstari kwa mstari, mbele ya wanafunzi ambao mama zao wamewaamini.

Wenu katika ujenzi wa afya,

Mwalimu wa baiolojia, Dar es Salaam